Ziara ya Faragha Siku ya Jina Langu

Jumatatu, 3 Novemba

Ralitsa kapiga simu kutoka Plovdiv. Binti yangu wa pekee. Sauti tamu mno, nikajua kuna jambo. Wanakuja Ijumaa jioni: yeye, mchumba wake Boyan, na wazazi wa Boyan. Wakwe! Na Jumamosi wanataka kuzungushwa kwenye miamba kutwa nzima. Ziara ya faragha, wao peke yao, hakuna kuchanganywa na watu wengine. Mwongozaji awe mimi. Maana Baba, kasema Ralitsa, ndiye mwongoza watalii mkuu wa Belogradchik.

Nikasema bila shaka. Nikakata simu, nikatafuta pa kukaa.

Mimi nalinda maegesho ya magari chini ya ngome. Kazi ya heshima, ina koti na filimbi. Lakini kiangazi kilichopita, kwao Plovdiv, baba yake Boyan, Injinia Ognyan, aliniuliza nafanya kazi gani, na mimi nilikuwa kwenye glasi ya pili. Yeye alikuwa ameshasema kajenga madaraja. Madaraja! Baada ya madaraja mtu unataja vipi maegesho? Nikasema naongoza watalii. Neno "mkuu" lilitoka lenyewe.

Zlatka, mke wangu, kafurahi mpaka kijiko kikamtoka mkononi. Harusi haijaamuliwa itakuwa wapi. Wao wanataka Plovdiv, ukumbini. Sisi tunataka hapa, bibi arusi atoke kwenye mlango wa baba yake, kama Zlatka alivyotoka kwao. Zlatka kasema wakwe wakipapenda hapa, harusi ni hapa. Wasipopapenda kwa upuuzi wangu, yeye atahamia Plovdiv na mimi nitabaki na pipa la kabichi.

Sipendi kuliandika hili, lakini mimi nalitaka kuliko yeye. Tangu Ralitsa aseme ana mchumba nimeupaka ule mlango rangi mara mbili.

Baadaye. Nimetazama kalenda. Jumamosi ni tarehe nane! Sikukuu ya Malaika Wakuu! Siku ya jina la kila aliyepewa jina lao, kila Rangel, na mimi ndiye Rangel!

Kila mwaka mateso yale yale. Siku ya jina haalikwi mtu. Anayetaka anakuja, na wote wanataka. Kazi yako ni kufungua mlango, kutandika meza, na kutazama rakia, ile pombe kali uliyoipika kwa plamu zako mwenyewe ikiteremka kwenye makoo ya watu. Mwaka juzi nilijificha ghala la chini, nyuma ya kabichi, wakaimba juu ya kichwa changu hadi jioni. Mwaka jana nilikuwa na jino linalouma, nikaenda kwa daktari wa meno, mjini Vidin. Mwaka huu mbingu zenyewe zimeniletea ziara. Kutwa nzima niko miambani, Zlatka yuko nami, nyumba ina kufuli. Waje waliimbie kufuli!

Jumanne, 4 Novemba

Tatizo dogo. Miamba siijui. Yaani nimezaliwa chini yake, naitambua kwa sura: Mpanda Farasi, Madona, Dubu, Msichana wa Shule. Lakini hadithi zake bibi alikuwa akinisimulia mimi nikiwa nimeshalala. Na njia za juu sijazipita tangu utoto. Goti.

Anayezijua ni Tsolo. Jirani yangu. Mwongoza watalii wa kweli, ana beji na kofia yenye unyoya. Unyoya! Nikamwombe anifundishe? Afadhali nile soksi.

Nikaamua kumfuata kwa siri. Alikuwa na wastaafu kutoka Sofia. Nikajibanza nyuma ya kichaka, nikasikia yote: Madona alikuwa mtawa, akampenda mpanda farasi, akazaa, watawa wenzake wakamfukuza na mtoto wake mikononi, radi ikapiga, wote wakageuka mawe. Nikaandika kiganjani. Kazi inakwenda vizuri!

Kisha Tsolo akawageukia wageni wake. "Na pale nyuma ya kichaka, mabibi na mabwana, ni mwamba wetu pekee unaopumua kwa nguvu. Kaka Rangel, sogea mbele bwana, huko husikii vizuri."

Wastaafu wote wakanipiga picha.

Wakati wa kushuka akanishika bega. Akasema Jumamosi anakuja kwangu, na safari hii nisimkimbie, anataka kuionja hiyo rakia kabla hajafa. Nikamwambia Jumamosi nitakuwa mgonjwa. Akauliza nimejuaje Jumanne. Nikasema ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo.

Jumatano, 5 Novemba

Nikiwa nimeshauanza ugonjwa, bora niufanye sawasawa. Asubuhi nilimnong'oneza Bi Penka wa duka la mikate kwamba nimepatwa na kitu cha kifua, kibaya, cha kuambukiza, na nikamwomba asimwambie mtu. Ukitaka mji mzima ujue jambo kabla ya chakula cha mchana, hakuna njia nyingine. Wazo: watu wataogopa, Jumamosi hawatathubutu hata kupita barabara yetu.

Saa sita mchana, sufuria ya supu ya kuku getini. Saa saba, nyingine. Kisha malimau. Kisha asali. Bibi wa nyumba ya kona kaleta mafuta ya mnyama wa porini, sikuuliza yupi. Bi Penka kaniwashia mshumaa kanisani. Na kila mmoja kasema maneno yale yale: "Pona, kaka. Jumamosi ni siku yako. Ukiwa mzima tungekuja, ukiwa mgonjwa ndiyo kabisa hatukuachi!"

Watu gani hawa!

Zlatka katoka kazini, kaona masufuria, kauliza naumwa nini. Nikamweleza mpango. Kasema ugonjwa huo anaufahamu, kaolewa nao.

Supu zote mbili zilikuwa nzuri. Yale mafuta kumbe ni ya kupaka.

Alhamisi, 6 Novemba

Usiku kucha tumbo. Lakini kumbe akili inafanya kazi vizuri tumbo likiwa tupu, maana alfajiri nikapata wazo kubwa, mpaka nikajishangaa mwenyewe.

Naogopa nini? Kupotea mbele ya wakwe. Basi nitaweka alama mapema! Nikachukua donge la uzi mwekundu wa sufu wa Zlatka, aliokuwa akisubiri kuufumia sijui nini, nikaanza kufunga. Nimeanzia getini kwangu, maana kazi ni kazi. Fundo kwenye kila kichaka, nyuma ya makaburi, kando ya tangi la maji, juu kwenye misonobari, hadi uwanda mdogo ulio chini ya Madona. Jumamosi nitafuata uzi tu. Wakwe wataona mtu anayetembea bila kusita, kama mwenye shamba lake.

Karibu na tangi nikakutana na Tsolo. Akauliza nafanya nini. Nikasema napima. Akauliza napima nini. Nikapiga filimbi.

Jioni mazoezi uani. Zlatka ndiye wakwe, viti ndiyo miamba, kuku ndiyo watalii wa watu wengine. Nikasimulia Madona kwa huzuni. Zlatka akauliza yule mtoto alikuwa wa kiume au wa kike. Mbona kiganjani sikuandika! Akauliza tena, je, chakula cha huko? Nikasema chupa ya chai na mayai ya kuchemsha. Ziara ni ya macho, si ya tumbo. Akasema anakwenda kwa Bi Penka mara moja kuazima chumvi. Chumvi tunayo.

Ijumaa, 7 Novemba

Wamefika! Injinia Ognyan ana mwili wa kabati na maneno machache. Mkewe, Bi Snezhana, ana macho yanayopita kila mahali. Kabla ya kuingia aliugusa mlango wangu, akasema rangi nzuri hii. Nilitaka kumbusu. Boyan kijana safi, anakula bila kubembelezwa.

Mezani nilimimina rakia kwenye vile viglasi vya marehemu mama, vidogo sana, vinapendeza. Kila kitu sawa. Kisha Injinia akainua chake. "Mkwe, kesho si Malaika Wakuu? Si ndiyo siku ya jina lako?"

Nikasema ndiyo, lakini sisi nyumba hii tunaiadhimisha kimya kimya. Kwa sala. Zlatka akanikanyaga chini ya meza, kisigino.

Bi Snezhana akaweka uma. Akasema yeye kalelewa kijijini na bibi yake, na siku ya jina la babu uani hapakuwa na pa kukanyaga kwa watu. Akasema Plovdiv wanakaa ghorofa ya saba. Siku ya jina la Ognyan watu wanatuma ujumbe kwenye simu, wenye picha ya kidole gumba. Akacheka kidogo. Nadhani alikuwa ametegemea kitu.

Nikahisi jambo fulani chini ya mbavu. Nikasema ni yale mafuta.

Ralitsa alikuwa akiosha vyombo. Akanivuta pembeni, akasema, "Baba, kesho wewe kuwa wewe tu. Hawa hawaumi." Nikamwambia akalale, kesho ataona baba yake ni nani.

Jumamosi, 8 Novemba

Niende kwa mpangilio.

Niliamka, hakuna miamba. Ukungu umeanzia kwenye ngazi yangu mpaka mwisho wa dunia. Mtu mwingine angelia. Mimi nilifurahi: siku kama hii nani atatoka kuja kuimba? Nikavaa koti la kazini nimeligeuza ndani nje, kwa kuwa mgongoni limeandikwa MAEGESHO kwa herufi kubwa. Zlatka akafunga mlango mwenyewe. Akainama kidogo kwenye chungu cha maua, nikadhani anapanga maua.

Uzi haukuniangusha. Fundo, fundo, fundo. Natembea mbele kifua nje. "Kulia kwenu," nikasema, "Mpanda Farasi." Injinia akatazama kulia. Ukungu. Akapiga picha. "Kushoto kwenu, Dubu." Akapiga picha. Bi Snezhana akauliza Dubu ana urefu gani. Nikasema ni mrefu kuliko anavyoonekana.

Kisha nikakosea hesabu ya vichaka. Nikawasimamisha, nikawaomba wavue kofia, tuko mbele ya Madona. Wakavua wote. Nikaanza: mtawa, mapenzi, mtoto (wa kiume, niliamua hapo hapo), watawa wenye wivu, radi! Kwenye radi sauti yangu ikatetemeka. Nilijisikia fahari. Ndipo upepo ukapita, ukungu ukafunguka, na mbele yetu likasimama tangi la maji la mji. Juu yake, mbuzi.

Injinia akapiga picha. Nikasema Madona yuko nyuma yake kidogo.

Tukapanda hadi uwandani. Mawe yamelowa, hakuna pa kukaa. Nikatoa mayai. Mayai sita, watu sita, hayo ndiyo mahesabu ya faragha. Bi Snezhana akawa anamenya lake kwa vidole vyekundu vya baridi. Nikamsikia akimwambia mumewe kwa sauti ya chini kwamba ule ukumbi wa Plovdiv, angalau, una joto.

Kifua kikanibana. Safari hii kwelikweli, si cha kumpelekea Bi Penka. Akilini nikamwona Ralitsa akitokea kwenye mlango wa kioo wa ukumbi, mlango unaojifungua wenyewe, haujapakwa rangi na mtu yeyote. Nikataka kusema kitu. Sijui nini. Mdomo ulikuwa na yai.

Ndipo tukasikia kuimba.

Kwanza mbali, chini. Kisha karibu. "Uishi miaka mingi, Rangel, miaka mingi!" Na kutoka kwenye ukungu, kufuata uzi wangu mwekundu, fundo kwa fundo, akatokea Tsolo na unyoya wake. Nyuma yake Bi Penka na mkate wa duara bado unatoa mvuke. Nyuma yake mume wa Bi Penka na sufuria ya kondoo na wali. Bibi wa kona na banitsa, ule mkate wa matabaka wenye jibini. Kasisi. Mfamasia. Barabara yetu yote na nusu ya inayofuata!

"Kaka Rangel!" Tsolo akapiga kelele. "Tumefika kwako, tukakuta uzi umefungwa getini. Nikawaambia jamani, huyu mtu amebadilika! Mwaka huu anatukaribisha juu, miambani, na njia katutengenezea! Juzi nimemkuta anapima!"

Wakanibusu wote. Mashavu yakalowa. Wakaniuliza kifua, nikasema kimepona, wakamshukuru Mungu na supu. Kisha nikaona alichobeba Tsolo begani. Dumu. Dumu langu la rakia! Lina kiraka, nalijua kama mwanangu. Nikamgeukia Zlatka. Alikuwa anatazama juu, mahali ambapo siku nyingine huwa na mbingu. Funguo! Chungu cha maua! Na ile chumvi ya Alhamisi!

Wakatandika vitambaa juu ya mawe. Wakamimina, tena kwenye vikombe vya chai. Nilikuwa nikihesabu kila kikombe kwa macho wakati Bi Penka, mwenye moyo mzuri na hana breki, akasema, "He! Kaka, koti umelivaa kinyume, ni mkosi!" Akanivua, akaligeuza, akanivisha, akanizungusha ili alinyooshe mgongoni. Mbele ya wakwe. MAEGESHO.

Na kana kwamba haitoshi, mfamasia akauliza leo nani analinda magari.

Kasisi akaacha kutafuna. Mimi nikatazama viatu vyangu, vina matope. Nikajua harusi imekwenda Plovdiv.

Tsolo akakohoa. Mtu ambaye nimemsema vibaya maisha yangu yote. Akavua kofia, akamwambia Injinia, "Mzee, kila mgeni anayefika miamba hii, wa kwanza kumwona ni huyu. Akinuna, mgeni anageuza gari. Wengine sisi tunafuata baadaye tu, tunasimulia mawe." Akainua kikombe. Cha rakia yangu, lakini alikiinua kwa ajili yangu. Macho yakaniwasha. Moshi, nadhani, ingawa hakukuwa na moto.

Injinia akaanza kutikisika. Mabega kwanza, kisha tumbo. Nikadhani kaumwa. Alikuwa anacheka! Hakuweza kusema, akawa ananyoosha kidole upande wa tangi.

Ralitsa akanishika mkono. Akasema wanajua. Wamejua tangu siku ya kwanza, yeye mwenyewe aliwaambia: Baba analinda maegesho, na ana filimbi. Baba mkwe wake ndiye aliyeomba ziara. Alitaka kuona nitafika umbali gani.

"Hadi kwenye tangi la maji!" Injinia akasema, akifuta macho. "Mkwe, tangu jeshini sijacheka hivi. Nimelivulia kofia tangi!"

Hapo ukungu ukaondoka wote kwa mkupuo. Na yule pale juu yetu, Madona, mwekundu, mkubwa, mtoto mikononi. Tsolo akasimulia upya, vizuri, lazima niseme. Mtoto kumbe hakuna anayejua alikuwa wa kiume au wa kike. Bi Snezhana hakuwa anatazama mwamba. Alikuwa anawatazama watu, mkate mkononi, bibi wa kona kamfunika shali yake. Akasema harusi ni hapa. Kwa watu hawa. Mwezi wa tano, na Ralitsa atoke kwenye ule mlango wenye rangi nzuri.

Zlatka akalia. Mimi sikulia. Ralitsa anasema nililia, tena kwa sauti. Kwenye dumu halikubaki hata tone.

Jumatatu, 10 Novemba

Wameondoka. Kila mtu mjini ananisalimu. Tsolo kanisimamisha mara mbili kunisifu kwa ule uzi. Ni mtu mwema, nimeamua. Unyoya unamkaa.

Nimekaa mlangoni, nimefikiri kwa kina, na yapo niliyojifunza. La kwanza: uzi usianzie getini. Uanzie mbali, tena uwe wa kijani.

La pili linahusu harusi. Mji wote utakuja, haualikwi. Lakini nikiubadilisha mlango uwe mwembamba, wakawa wanapita mmoja mmoja, wengine watachoka kusubiri. Nimeshapima.

Jana, tukiagana, Injinia aliuliza nani atapiga muziki. Boyan akasema mjomba wake anapiga klarineti, kashinda tuzo. Tuzo! Nikasema muziki msihangaike nao, mimi napiga akodiani. Ralitsa akafumba macho. Mpaka Mei nina muda mwingi, kitu chenyewe kina vitufe tu. Tsolo anayo. Leo jioni, akifanya mazoezi, nitajibanza chini ya dirisha lake.

Injinia kapenda sana, kasema sasa kila mwaka watakuja wote tarehe nane Novemba, na ndugu zao, siku ya jina langu. Nikamkumbatia, nikamwambia karibuni sana.

Nimempigia yule daktari wa meno wa Vidin, kanipa nafasi tarehe hiyo, mwaka ujao, asubuhi na mapema. Jino nimeshalichagua.